Opena Kiganjani

"Niletee tangawizi, dada," mteja alimwambia Mashavu, mhudumu. "Bia nimeacha. Leo siku ya arobaini."

Mgahawa ule ulikuwa na sheria yake: hata asiyeagiza bia apelekewe ya baridi, mhudumu agonge kizibo kwa opena na kuuliza, "Nifungue?" Wengi walikubali kwa kuona haya tu.

Mashavu alipeleka soda peke yake. Meneja akamwita kaunta, akamsukumia bia.

"Rudi ukagonge."

"Amesema ameacha."

"Wote husema hivyo."

Mashavu alichomoa opena kwenye aproni, akaiweka kiganjani mwa meneja. "Basi kagonge wewe, bosi. Mwangalie usoni ukimuuliza."

Meneja aligeuka kuangalia meza ya mteja, opena mkononi. Mteja, asiyejua lolote, alimwinulia glasi ya tangawizi, akatabasamu.