Mfuko wa Mumewe

Asubuhi nyungunyungu walikuwa wakipanda kingo za beseni walimofugwa, wote, kama watu wanaohama na roho zao tu.

Mama Mignonne alichutama. Chakula kilikuwa kilekile: majani ya kabichi, maganda ya viazi, mavi ya mbuzi yaliyokwisha kupoa. Kipya kilikuwa kimoja, mfuko mweupe aliowatandikia chini jana, ule aliobebea mumewe mawe ya shaba kule mgodini Musonoi.

"Badudu yako banakukimbia," mumewe alisema, akifunga viatu. "Hata bo bamechoka kabichi."

"Kabichi banapenda, Baba Mignonne. Ni mufuko yako."

"Ile mufuko? Mi nilifula na sabuni mara tatu."

Mama Mignonne alimwokota nyungunyungu mmoja. Akajikunja kiganjani, akaacha alama ya vumbi la kijani, nyembamba kama uzi.

Nyuma yao mtoto alikuwa kimya mno. Mama Mignonne akageuka. Binti yake alikuwa amekaa juu ya mkeka, ule ambao yeye mwenyewe alimshonea kwa mifuko minne kama huo, akiitafuna pembe ya mkeka huo taratibu kwa meno yake mawili mapya.