Alama Zote za Koku

Chuo kilikuwa na masharti yake, na Koku aliyakubali yote siku ya kwanza ya somo la Mawasiliano. Muhula mzima angevaa kinasa sauti shingoni, hata akiwa nyumbani. Kumkatiza mtu kungempunguzia alama, na kupaza sauti kungemfelisha. Kabla ya kujibu lolote, ilimpasa kwanza arudie alichoambiwa, ijulikane kwamba amesikia. Aliyefeli somo hilo alifukuzwa chuo.

Jumamosi moja alikuwa jikoni akimenya ndizi, mama yake akaingia na simu mkononi, kanga imemdondoka begani.

"Koku, mwanangu! Mugisha! Kaka yako amezama ziwani, amekufa!"

Yowe lilimpanda Koku hadi kooni. Akalimeza.

"Nimekusikia, mama," alisema taratibu. "Unasema kaka Mugisha amezama. Je, nimekuelewa sawasawa?"

Mama alimkodolea macho kama anayemwona mgeni.

"Unaniuliza nini wewe? Lia, mwanangu! Lia na mimi!"

"Nimekusikia, mama. Unataka tulie pamoja."

Mama alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, kisha akatoka mbio kwenda kwa jirani. Punde vilio vya wanawake vikasikika ng'ambo ya ua. Kinasa sauti kikamnong'oneza Koku kwamba amepata alama zote.

Alikivua, akakitupa sakafuni, akafungua kinywa alie.

"Nimesikia kwamba kaka yangu amefariki," alisema, kwa sauti safi na tulivu.

Akajaribu tena.