Mluzi wa Baba Nyamvula

Siku hizi sheria inamtaka mtafiti aishi na mnyama aliyemfanyia majaribio mpaka mnyama huyo afe. Ndiyo maana panya wa maabara anakaa jikoni kwangu. Mume wangu alimdunga dawa ya kumtia kifafa, tena na tena, na kila mara kabla ya sindano alimpigia mluzi ili atulie. Dawa ilishakoma. Kifafa kimebaki.

Leo amepiga mluzi bafuni, panya akaanguka akitetemeka, mate yakimtoka.

"Ubongo wake umezoea, Mama Nyamvula. Hauhitaji dawa tena."

"Umezoea? Umeuharibu wewe! Koma kabisa kupiga mluzi humu ndani!"

Akainama kumfuta panya mate. Panya akaanza kujiinua. Ndipo mluzi uleule ukasikika kutoka chumbani kwa binti yetu.