Macho ya Mtoto

Programu ya kusafishia picha ilikuwa imebadilishwa tangu Jumatatu, na vidole vya Ndelwa bado vilikuwa vinaenda kwenye vitufe vya zamani. Asubuhi hiyo mama mmoja aliingia studio na picha iliyokunjikakunjika: mtoto mchanga amefumba macho, kafunikwa kanga hadi kidevuni.

“Aliishi siku mbili, fundi. Picha yake ni hii tu. Nitolee huo mkunjo wa usoni.”

Ndelwa aliiingiza kwenye kompyuta, akabonyeza pale alipozoea kufutia mikunjo kwa miaka kumi na mitano. Mkunjo ulitoweka. Kisha, bila kuambiwa, programu ikamfumbua mtoto macho, makubwa, meusi, yanayong'aa.

“Samahani sana, mama. Hili toleo jipya linadhani kila mtu alisinzia. Nayafunga sasa hivi.”

Kitufe cha kurudisha nyuma kilikuwa kimehamishwa. Alifungua orodha moja, akafungua nyingine, shingo imemlowa jasho. Alipokiona hatimaye, mama alikwisha kuvuta kiti karibu na kioo cha kompyuta. Akamshika ule mkono uliokuwa juu ya mausi.

“Subiri kwanza,” alisema. “Hakuwahi kuniona.”