Goti la Nakijwa

Siku hizi klabu ya mpira wa kikapu haimsajili mchezaji mwenye historia ya majeraha mpaka ndugu yake akubali kuumia badala yake. Kwa Mbonea, ambaye goti lilimwangusha misimu mitatu, aliyekubali ni mama yake, Nakijwa.

Jioni ya fainali Nakijwa alisimama mbele ya televisheni akiegemea gongo lake, huku mkwewe akimtandikia godoro sakafuni. Mara Mbonea akaruka. Akapaa juu ya wapinzani wote, kifua kikalingana na ringi.

"Mama, lala upesi, anashuka!"

"Hebu niache kwanza," Nakijwa alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Yule nimemzaa mimi."

Goti lake likaanza kutetemeka, na Mbonea alikuwa bado yuko hewani.