Nyuzi za Alhamisi

Karatasi ya tatu ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa mashine ya kukaushia nguo ya wapangaji wote, kwa wino mwekundu: WEWE USIYESAFISHA CHUJIO, MAMA YAKO HAFANYI KAZI HAPA. Haikuwa na jina, lakini jengo zima pale mjini Gävle, Uswidi, liliujua mwandiko wa Henning.

Gunnel aliisoma mara mbili. Haikumgusa. Tangu wamzike mumewe Sixten mwezi wa kumi, mambo mengi yalimpitia kama magari nje ya dirisha la vioo viwili lisilopitisha kelele. Alitoa nguo zake zikiwa bado za moto, akazikunja, akafagia sakafu, akafuta mashine zote kwa kitambaa. Kisha akalihamisha kufuli lake kwenye ubao wa zamu, ambako kila mpangaji hufunga lake kwenye saa yake ya kufua, hadi Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi, zamu yake kwa miaka thelathini na minane. Zamani yeye alikuwa akitangulia kupanda na kapu, Sixten akibaki nyuma kidogo, kumalizia na kuzima taa. Sasa alizima mwenyewe.

Jumapili wapangaji walikutana kule chini kwenye chumba cha baiskeli. Palikuwa na kahawa na maandazi ya mdalasini. Henning hakugusa lake.

"Mara mbili mwezi huu," alisema. "Nashuka Alhamisi saa tisa, nakuta chujio limejaa nyuzi za nguo mpaka mashine inanuka moto. Tunangoja nini, tuungue sote? Na zamu iliyonitangulia, ya mchana, ilikuwa na kufuli la nani? La Tuva."

Tuva wa ghorofa ya tatu alikuwa na mapacha wa miezi minne, mmoja begani, mwingine kwenye kigari. "Siku hizo sikushuka," alisema. "Watoto walikuwa na homa."

"Basi nyuzi zilijileta zenyewe."

Mtu alicheka ndani ya kikombe.

"Na Alhamisi nyingine nimekuona kwa macho yangu," Henning akaendelea. "Unabandua nyuzi kwenye chujio kabla hujaingiza hata soksi. Zilikuwa za nani, kama si zako za mzigo uliotangulia?"

Tuva alifungua mdomo. Akamtazama Gunnel. Akaufunga.

Pendekezo lilisomwa: Tuva arudishe ufunguo wa mashine ya kukaushia mpaka kiangazi. Ilikuwa Februari, theluji imefika kwenye madirisha ya chini.

"Bibi Gunnel," Tuva alisema kwa sauti ya chini, "kile chumba changu unakijua. Hakuna pa kuanika hata leso. Wataumwa tena."

Gunnel alikijua. Alikuwa amepanda huko mara moja na supu, akapita akiinama chini ya kamba za nguo mbichi. Alitafuta ndani yake mahali ambapo huruma hukaa, akakuta pamefungwa.

"Kusafisha chujio ni dakika moja tu, mwanangu," alisema, kama alivyosikia wengine wakisema.

"Dada Gunnel kamaliza yote," alisema Henning. "Huyu hapa, akitoka kufua, hata sakafuni unaweza kula chakula. Haya, wanaokubali?"

Mikono mitatu ikainuka. Ulihitajika wa nne. Gunnel akauinua wake, na ulikuwa mwepesi, kama anauinua wa mtu mwingine.

"Imepita," Henning alisema. "Na mtu asije akasema tumemwonea. Ushahidi nimeuhifadhi." Akatoa mfuko wa plastiki mfukoni mwa koti, akaumwaga mezani katikati ya vikombe.

Tuva alikuwa mwepesi kuliko wote. Kabla rundo la nyuzi halijatulia, alikuwa ameshalifunika kwa kiganja. Mtoto begani akaanza kulia.

"Ni zangu," alisema. "Andikeni ni zangu, tumalize."

Lakini donge moja lilikuwa limeponyoka kati ya vidole vyake, likabingirika hadi kwenye kisahani cha Gunnel. Lilikuwa la kijani, kijani kile kile cha joho la kuogea la Sixten, ambalo Gunnel bado alilifua na kulikausha kila Alhamisi.