Kiti cha Mbele

Gereji ile ilikuwa na desturi moja: aliyefunga breki hupanda na mwenye gari kwenda kuzijaribu kwenye mteremko wa sokoni. Zawena, aliyeanza kazi juma lile, alikuwa amezifunga peke yake kwa mara ya kwanza. Alizikagua, akarudia kuzikagua, kisha akashika tena spana.

"Umemaliza, fundi?" akauliza Mzee Kisaka, mwenye gereji. Hakuwahi kumwita hivyo.

"Ngoja nikaze tena nati za nyuma, mzee."

"Ulishazikaza. Panda."

Mama mwenye gari akaondoa gari taratibu. Kwenye kiti cha nyuma mwanawe alikuwa akiimba. Mteremko ulipoanza, mguu wa kulia wa Zawena ukakandamiza sakafu kwa nguvu zote, mahali pasipo na pedali.